Mizani na Imani: Wakulima, Kampuni na Serikali katika Uganda ya Mashariki

Anayesimama juu ya kilima cha Wanyange, nje kidogo ya mji wa Jinja, huiona historia ya uchumi wa Uganda ya mashariki kwa kutupa jicho mara moja. Kusini kuna Ziwa Viktoria. Magharibi kuna mji uliokua kando ya mto Nile na kuitwa mji wa viwanda. Mashariki yanaanza mashamba ya miwa ya Kakira. Barabara kuu inakwenda Iganga, na atakayeendelea nayo na kupinda kaskazini atafika Mbale, chini ya mlima Elgon, kwenye nchi ya kahawa. Kwa zaidi ya miaka mia moja mkulima wa sehemu hizi amepeleka mzigo wake kwa mnunuzi wa pamba, kwa chama cha ushirika, kwa bodi ya serikali, kwa mfanyabiashara wa magendo na kwa kiwanda cha sukari. Kila mmoja wao alimwambia neno lile lile: niamini.

Makala hii inauliza swali moja tu. Kati ya hao wote, ni nani aliyeaminiwa, na kwa sababu gani?

Sisi wa Kiswahili tuna njia yetu ya kuliingia swali hili. Neno imani lina ndugu wengi: amini, amana, amani, mwaminifu. Yote yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya usalama. Amana ni mali unayoikabidhi kwa mwenzako ukijua kwamba siku utakapoidai utaipata. Kwa hiyo imani ya watu kwa serikali, kwa kampuni au kwa benki si hisia ya moyoni peke yake. Kuna mzigo uliokabidhiwa, na kuna siku ya kuudai. Katika Uganda ya mashariki siku hiyo ilikuwa siku ya mizani.

Pamba na kanda zake

Mbegu za pamba zilianza kusambazwa kwa wakulima wa Uganda mwaka 1903 na 1904. Serikali ya kikoloni ilihitaji kodi, viwanda vya Uingereza vilihitaji pamba, na mkulima alihitaji fedha za kulipia kodi hiyo. Busoga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoitikia kwa nguvu. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, ili pamba ya bara ifike ziwani na kisha pwani.

Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa wageni, hasa Wahindi na Wazungu. Mkulima alikuja na mzigo kichwani, akauweka kwenye mizani, na aliyeisoma mizani ndiye aliyenunua. Malalamiko kuhusu vipimo vya hila ni ya zamani kama zao lenyewe. Hata hivyo, tukiishia kwenye hila za mnunuzi tutakuwa tumeisoma nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni sheria. Mwaka 1933 serikali iliigawa nchi katika kanda za pamba, na pamba ya kanda moja haikuruhusiwa kuuzwa katika kanda nyingine. Wenye viwanda nao walikuwa wakiungana na kugawana pamba kwa mafungu waliyopatana. Mkulima aliyeona kwamba amepunjwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata jambo jingine liliongezeka. Bei ya pamba ilipopanda duniani, serikali haikumlipa mkulima ongezeko lote. Sehemu kubwa iliwekwa katika mfuko, kwa maelezo kwamba utamkinga siku bei itakaposhuka. Baadaye fedha nyingi za mfuko huo zilitumiwa kwa miradi ya maendeleo. Yawezekana miradi hiyo ilikuwa mizuri. Lakini mwenye mali hakuulizwa. Hapa mizani ilikuwa sawa na bado mkulima alipunjwa, kwa sababu bei ilipangwa mahali asipoweza kufika.

Ndiyo maana katika ghasia za mwaka 1945 na 1949 huko Buganda, dai la wakulima kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe lilikwenda pamoja na madai ya kisiasa. Watu walidai kwa wakati mmoja viongozi watakaowachagua wenyewe na mizani watakayoisoma wenyewe.

Ushirika wa Bugisu

Jibu la serikali lilikuwa ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1946, lakini ilimpa msajili wa serikali mamlaka makubwa mno, na vyama vingi vya wakulima viliikataa. Mambo yalibadilika Gavana Andrew Cohen alipowasili mwaka 1952. Vyama vilipewa uhuru zaidi, na njia ikafunguliwa ili vimiliki viwanda vya kuchambua pamba na kukoboa kahawa.

Huko Mbale, Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kinachojulikana kwa herufi zake BCU, kilianzishwa mwaka 1954. Muundo wake ulikuwa rahisi kueleweka. Chini kulikuwa na vyama vya msingi vya vijijini, na juu yake kulikuwa na chama kikuu mjini. Mkulima wa kahawa alipima mzigo wake mbele ya katibu aliyemfahamu, katika kamati iliyochaguliwa na majirani zake. Katibu akiiba, mkulima alijua nyumba yake ilipo. Hilo halikumzuia kila mwizi, lakini lilimpa mkulima kitu ambacho mnunuzi wa pamba hakumpa, yaani mtu wa kumuuliza.

Tusiupambe ushirika kupita kiasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari za BCU zilikuwa na matatizo ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliingilia kati na kuweka usimamizi wake, na baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali mpya nayo ikafanya hivyo. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa ubadhirifu, na kila mara wanachama wengi waliona kwamba shabaha hasa ilikuwa kuidhibiti kahawa yao. Mtaalamu wa elimujamii Stephen Bunker aliandika kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1987, kuhusu mvutano huo kati ya wakulima wa Bugisu na dola.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Chama kilihitaji mkaguzi, na mkaguzi aliyetoka Kampala alikuwa na maslahi yake. Kinachostahili kukumbukwa ni kwamba wanachama waligombana hadharani juu ya hesabu zao, kwa kuwa chama kilikuwa chao. Watu wasio na imani kabisa na taasisi hawajisumbui kugombana juu yake. Huiacha wakaenda zao.

Kakira: kampuni na mji wake

Turudi Jinja. Muljibhai Madhvani, mfanyabiashara aliyetoka Gujarat akiwa kijana, alinunua ardhi Kakira mwaka 1918, na kiwanda chake cha sukari kikaanza kazi mwaka 1930. Nanji Kalidas Mehta alikuwa amekwisha kumtangulia huko Lugazi mwaka 1924. Wafanyakazi walitoka mbali: Nile Magharibi, Rwanda na Urundi, Kenya na kwingineko. Watu wa lugha nyingi namna hiyo walihitaji lugha ya kati, na Kiswahili kilipata nafasi katika mashamba ya miwa na katika kambi za wafanyakazi muda mrefu kabla hakijapata nafasi katika katiba.

Kakira ilikuwa zaidi ya kiwanda. Kampuni ilijenga nyumba, zahanati, shule na barabara, na jina la familia likawekwa kwenye chuo cha Wairaka kilicho jirani. Baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, umeme uliwezesha viwanda vingine kusimama Jinja, kikiwemo kiwanda cha nguo cha Nytil.

Je, watu waliiamini kampuni ya Kakira? Jibu linategemea mtu alisimama wapi. Aliyepata nyumba na matibabu alikuwa na sababu ya kushukuru. Aliyekata miwa kwa ujira mdogo, huku akiuona ukuta kati ya Mhindi na Mwafrika katika vyeo, makazi na mishahara, alikuwa na sababu ya kunung'unika. Mara nyingi hao wawili walikuwa mtu mmoja. Alishukuru kwa zahanati na akanung'unikia mshahara, na hapakuwa na kinyume chochote katika hilo. Zahanati ilikuwa hisani ya kampuni, na mshahara ulikuwa haki yake.

Mwaka 1972 na neno magendo

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza uamuzi wa kuwafukuza Waasia. Tangazo hilo alilitoa akiwa Tororo, kwa hiyo hata hapo Uganda ya mashariki haikuwa mbali. Waasia walipewa siku 90. Wengi walishangilia, na si haki kuficha hilo leo. Walidhani mizani sasa itashikwa na mtoto wa nyumbani.

Maduka ya Jinja, Iganga na Mbale yaligawiwa wapya, wengi wao askari na watu waliokuwa karibu na utawala. Viwanda vikubwa vilichukuliwa na serikali. Katika miaka iliyofuata uzalishaji wa sukari Kakira uliporomoka, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikaanza kuipanga foleni. Watu wakawapa matajiri wapya jina la mafutamingi, lililoundwa kwa maneno ya Kiswahili. Jina hilo lenyewe ni hukumu. Halisemi kwamba mtu huyu anajua biashara wala kwamba ni mwaminifu. Linasema amenenepa.

Neno la pili la wakati huo ni magendo. Katika kamusi ni biashara ya siri, iliyo kinyume cha sheria. Kwa Mgisu wa miaka ya 1970 lilikuwa pia namna ya kupiga kura. Baridi kali ya mwaka 1975 iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana mwaka 1976 na 1977. Bodi ya serikali ya Uganda ilimpa mkulima sehemu ndogo tu ya bei hiyo, tena kwa kuchelewa, katika shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Ng'ambo ya mpaka, Chepkube upande wa Bungoma, mnunuzi alilipa fedha taslimu hapo hapo. Kahawa ikapita mlimani usiku, kwa vichwa na kwa punda. Serikali iliweka adhabu kali kwa makosa ya uchumi, hata adhabu ya kifo, na kahawa ikaendelea kupita.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Mnunuzi wa Chepkube hakuwa mtu mwema kuliko ofisa wa bodi. Hakujenga shule Bugisu. Hakuwa na kamati wala katiba. Lakini alipima mbele ya mwenye mzigo, akataja bei, akalipa papo hapo. Katika mambo hayo matatu mtu wa magendo aliaminika kuliko dola. Serikali inayoshindwa na mlanguzi kwa uaminifu wa mizani imeshindwa vibaya sana.

Tena kahawa ilimsaidia mkulima kwa tabia yake. Ikikaushwa vizuri huweza kuhifadhiwa ndani na kubebwa usiku. Muwa haufanyi hivyo. Ukishakatwa huanza kupoteza uzito na utamu katika muda wa siku chache, nao ni mzito usiobebeka kupita mlima. Kwa hiyo mkulima wa kahawa anaweza kumkimbia mnunuzi mbaya, na mkulima wa miwa hawezi. Tofauti hiyo tutaihitaji mbele kidogo.

Soko huria na mlango wa benki

Familia ya Madhvani ilirudi mwaka 1985. Kiwanda kilifufuliwa kwa ubia na serikali, na sukari ya Kakira ikarudi madukani. Wengi waliomwona Mhindi kuwa mnyonyaji mwaka 1972 walimpokea, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuonja badala yake. Hata hivyo, kupokewa si kuaminiwa. Kulimaanisha tu kwamba kilichokuja baada yake kilikuwa kibaya zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiritimba wa bodi ya kahawa uliondolewa. Wanunuzi binafsi walifika hadi mlangoni pa mkulima na fedha mkononi. Vyama vikuu vingi vya ushirika, vilivyozoea kupata fedha za msimu kupitia serikali, vilidhoofika au kufa. BCU ilibaki, ingawa mvutano kati ya uongozi wake na serikali ulirudi tena mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa hoja zile zile za miaka ya 1950.

Pigo zito lilikuwa la benki. Mwaka 1999 Benki Kuu ya Uganda ilifunga Benki ya Greenland, na baada ya muda mfupi ikaifunga Benki ya Ushirika, benki iliyobeba jina la wakulima wenyewe. Sababu za kibenki zilikuwepo. Lakini fikiria mtu wa kijijini aliyefundishwa kwa miaka arobaini kwamba ushirika ni wake, akafika mjini na kukuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa kwa lugha asiyoisoma. Amana yake ilikuwa ndani. Anayeshangaa kwa nini baadhi ya wazee bado wanaona ng'ombe ni salama kuliko akaunti, aanzie kwenye mlango huo.

Hisani na hesabu

Leo maelfu ya wakulima wa Busoga hulima miwa katika mashamba yao na kuiuza viwandani. Kakira hainunui peke yake tena; viwanda vingine vimejengwa Kaliro, Mayuge, Kamuli na kwingineko. Vilipoongezeka, swali la zamani lilirudi na jina lake la zamani: kanda. Je, mkulima alazimishwe kuuza kwa kiwanda cha eneo lake? Wenye viwanda vya awali walisema wametoa mbegu, mbolea na mikopo, na si haki mwingine aje kuvuna wasichopanda. Wakulima wengi walijibu kwamba mnunuzi akiwa mmoja, bei huwa yake. Mjadala huo uliendelea kwa miaka hadi Sheria ya Sukari ya mwaka 2020, na haukuishia hapo. Aliyesoma habari za mwaka 1933 ataona kwamba ni ule ule, na kwa zao lisiloweza kukimbia ni mkali zaidi.

Kampuni hutoa misaada ya masomo, hospitali na visima, na misaada hiyo ni ya kweli; wapo waliosoma kwa fedha hizo. Lakini wapo pia wanaolalamika kwamba miwa imemeza mashamba ya chakula na kwamba watoto huacha shule ili wakate miwa. Hisani ya kampuni haiwezi kuyajibu malalamiko hayo. Yanahitaji hesabu: mzigo ulipimwa wapi, nani aliikagua mizani, bei ilipangwaje, makato ni ya nini, malipo yalikuja lini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kampuni isiyosikia ila sifa za wafadhiliwa wake itafanya vivyo hivyo.

Pia tuna onyo la mwaka 2007. Serikali ilipotaka kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira, msitu ambao kila aendaye Jinja kutoka Kampala huupita, watu waliandamana Kampala mwezi wa Aprili. Hoja yao ilikuwa halali, na mpango ule ulisimamishwa. Lakini siku hiyo watu waliuawa, akiwemo Mhindi mmoja asiyehusika kabisa na mpango huo. Imani inapokosa mahali pa kudai hesabu, hasira hutafuta sura ya mtu. Mwaka 1972 ulitufundisha hivyo, na mwaka 2007 ukaturudishia somo.

Hitimisho

Tumeona Mhindi akishukiwa na akipokewa, ushirika ukipendwa na ukifa, serikali ikikimbiwa na mlanguzi akiaminiwa. Kwa hiyo jibu la swali letu haliwezi kuwa rangi ya mwenye kampuni, wala kibao kilicho mlangoni. Aliyeaminiwa kila mara ni yule aliyemruhusu mwenye mzigo aione mizani, aijue bei na alipwe, au kwa uchache aweze kumwondoa kiongozi au kwenda kwa mnunuzi mwingine. Palipokuwa na mambo hayo, watu walivumilia hata makosa. Yalipokosekana, shule na zahanati hazikutosha.

Wanafunzi wetu wanaotoka Busoga, Bugisu, Bukedi na Sebei wana kazi ndogo ya likizo. Waulizeni wazee kuhusu siku ya kwanza walipouza pamba, kahawa au miwa. Ulizeni nani aliisoma mizani, na maneno gani yalitumika kwa Lusoga, Lumasaba, Kiswahili au lugha nyingine kumtaja mnunuzi mwaminifu na mnunuzi mwizi. Andikeni maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha. Mafutamingi na magendo hatukuyapata katika ripoti za serikali. Yalitunzwa vinywani mwa watu waliosimama kwenye foleni, na yako mengine ambayo bado hayajaandikwa.